Namba Sitini na Moja

Saa mbili usiku tunatanda nyavu
kati ya banda la nguruwe na migomba,
nyuzi nyembamba kama nywele za kichanga.
Mwezi ukitoka hawaji:
wanajua mwanga humchongea mwizi.
Sejekam ananishikia mlingoti wa mwanzi.
Mimi mtu wa milimani, Ayacucho,
nimekulia kwenye baridi;
hapa juu ya mto Cenepa jasho limejaa
ndani ya glavu za ngozi,
na hofu nimeifunga kibwebwe isionekane.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nimekuja. Wenyeji kumi na mmoja
walikwisha kuzikwa
kabla mtumbwi wangu haujagusa ukingo,
wote watoto, ila mmoja.
Waling'atwa usingizini, kidoleni, puani,
kwa jino lisiloamsha mtu.
Wiki zikapita kimya.
Kisha koo likakataa maji
katika nchi ambayo maji ndiyo barabara.
Waliokuja na helikopta wakaandika: kichaa cha mbwa.
Mbwa wa kijiji hawa hapa,
wamejikunyata miguuni petu,
hawajui wamesingiziwa.

Wavu unatikisika.

Namba sitini na moja. Jike.
Gramu thelathini na nne.
Kigasha, milimita hamsini na tisa.
Moyo wake unagonga dole gumba langu
haraka kuliko ninavyoweza kuhesabu.
Pua kama jani lililokanyagwa,
meno mawili ya mbele, wembe.
Ute naupangusa kwa pamba.
Damu, tone moja, kutoka mshipa wa bawa.
Tumbo limemfura kwa damu ya nguruwe,
na sehemu yake ataitapika alfajiri
kinywani mwa jirani aliyelala njaa.
Fomu haina nafasi ya kuandika hilo.

Nafungua kiganja. Anaondoka.
Sejekam anauliza, kwa mara ya nne leo,
kwa nini namwachia.
Namweleza: ukiwaua wakongwe wa pangoni
wageni huhamia, vijana hutangatanga,
na ugonjwa husafiri nao.
Anatema tumbaku.
"Hilo," anasema, "ni jibu la mtu ambaye hajazika."

*

Miezi saba, nimerudi na karatasi za Lima.
Nazisoma chini ya paa la makuti,
mbele ya watu wachache na bakuli la pombe ya muhogo.
Sitini na moja aliwahi kukutana na ugonjwa.
Damu yake inakumbuka vita,
mwenyewe anaruka.

Chapaik amekaa kizingitini, anashona chandarua.
Nilidhani hasikilizi.

"Huyo popo aliingiliwa na ugonjwa, akapona?"
Ndiyo.
"Na Tsakim wangu hakupona."
Ndiyo, mama.

Sindano ikaingia, ikatoka.
Tundu lile lilitosha kupitisha ngumi ya mtoto.

"Tulilala kitanda kimoja.
Asubuhi ile yeye alikuwa na damu kidoleni,
mimi kisiginoni.
Nilifua shuka nikaenda shambani.
Mmepima nguruwe. Mmepima kuku.
Mmewapima hawa wa usiku mpaka ukucha.
Mimi hakuna aliyeniuliza."

Akaichomeka sindano kwenye kitambaa,
akakunja mkono wa gauni,
akanyoosha mkono juu ya karatasi zangu,
kiganja kikitazama paa.
Kwenye kunjo la kiwiko mshipa ulionekana wazi,
wa kijani, mnene, wa kutafutwa na mwanafunzi.

Sikuwa na ruhusa ya damu ya watu.
Niliyokuwa nayo ni ya popo:
mihuri miwili, saini tatu,
ukurasa mzima juu ya kutowasumbua.
Nikamwambia hivyo. Nikamwambia kesho
nitaita kwa redio, nitaomba chanjo,
nitaomba barua, huenda mwezi ujao,
huenda mvua zikiisha.

"Ita," alisema.
Hakuukunja mkono.
"Huu hauendi popote."